Mizigo Isiyokwenda Popote

Voi, Jumatatu, 30 Septemba 1957

Leo nimetapika mbele ya daktari wa reli, na kidogo kikaangukia kiatu chake. Afadhali niliandike mwenyewe kabla stesheni nzima haijalitia chumvi.

Niliomba ugadi, kazi ya kushika breki na filimbi kwenye behewa la mwisho, katika gari la moshi la Taveta. Kusoma na hesabu si tatizo, tatizo ni mwili. Anayetaka ugadi hupimwa hivi: unakimbia kutoka kwenye injini hadi behewa la mwisho, unapanda, unazungusha breki ya mkono mpaka ikaze, kisha unashuka na kuinua sanduku la vyuma hadi kifuani. Mimi nilifika katikati ya gari. Daktari alisubiri nimalize kutapika, akasema atanipima tena Jumatatu ya mwisho ya Novemba, na baada ya hapo basi. Nikishindwa, nitabaki kwenye dirisha la tiketi mpaka niote mvi.

Dirisha hilo nalichukia. Watu hutoa sarafu mdomoni wakanikabidhi zikiwa na mate. Hunikoholea usoni. Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utoto, na sioni haya kusema hivyo. Natembea na leso mbili, moja ya pua na moja ya kufutia vitu: glasi, kijiko, kiti cha watu, hata mdomo wa kibuyu cha baba kule kwetu milimani, Wusi, nikienda kumsalimu. Behewa la gadi ni la mtu mmoja. Kiti kimoja, taa moja, upepo wa dirishani, na hakuna wa kukupumulia. Sitaki kitu kingine duniani.

Mvua hakuna. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye chumvi.

Jumatano, 2 Oktoba

Wapakizi wa bidhaa walinishauri nimwone Musyimi, msimamizi wao, anayefundisha watu kuinua vyuma katika godauni kuukuu nyuma ya stesheni. Ni Mkamba wa Kitui, alipigana Burma, na kifua chake hutangulia kuingia mlangoni kabla yake mwenyewe.

Godauni hilo zamani liliwekwa ngozi za ng'ombe. Ngozi ziliondoka, uvundo ukakataa kuhama. Ndani mna ekseli ya toroli na magurudumu yake, madebe ya saruji yaliyounganishwa kwa bomba, kamba iliyofungwa darini, na picha ya Mzungu aliyejipaka mafuta, amevaa chupi ndogo kuliko leso yangu. Taulo ni moja kwa watu wote. Mtu mmoja alijifuta kwapa, akanipa mimi nijifute uso.

Musyimi alinizunguka kama anayenunua ng'ombe. Akanibonyeza tumbo kwa kidole, akauliza kama nimewahi kufanya kazi. Nikamwambia mimi ni karani. Akasema hakuuliza hilo. Nipange ratiba yangu ya mazoezi, nimletee kesho, aone nina akili gani.

Alhamisi, 3 Oktoba

Ratiba nimeichora kwa rula na wino wa rangi mbili. Kila siku asubuhi na jioni, na Jumapili baada ya kanisa. Kukimbia, kamba, ekseli, madebe, kuchuchumaa, kulala chali na kuinuka. Nimeacha nafasi ya kula. Musyimi aliisoma mpaka mwisho bila kucheka, akasema haya, ifuate. Kisha akapangusia mikono yake yenye mafuta ya kondoo upande wa nyuma wa karatasi, akanirudishia.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimeifuata.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siwezi kuinua mkono. Dinah, mke wangu, amenivalisha shati kama anavyomvalisha Gertrude, na Gertrude ana miaka mitatu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kuchuchumaa chooni hakuwezekani. Sitaandika zaidi ya hapo.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimemwendea Musyimi kwa hasira. Nilimuuliza kwa nini aliniacha nijiue na ratiba ile ilhali aliona haifai.

"Karani, ningekukataza ungebishana na mimi," alisema. "Sasa mwili umekukataza. Bishana nao."

Amenipangia nyingine kwa mdomo tu. Siku tatu kwa wiki, mambo manne basi, debe lile jepesi, na siku za katikati nipumzike. Eti nyama huota mtu akiwa amelala. Huenda ni kweli. Lakini huyo huyo anasema mayai mabichi huongeza pumzi, na hilo nimelijaribu jioni. Yai lilirudi njia liliyoingilia. Huyu mtu akijua jambo moja, hubuni mengine matatu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Dada yangu Wakio ameshuka kutoka milimani na lori la mboga. Hakunikuta nyumbani, akanifuata godauni. Alisimama mlangoni na kabichi zake, akanitazama nikiinua debe, nikilishusha, nikiinua, nikilishusha.

"Mnayapeleka wapi?" aliuliza.

Nikamwambia hatuyapeleki popote. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kisha akakumbuka alichotumwa. Baba anasema mvua iko karibu na samadi imejaa zizini. Isipopandishwa kwenye matuta sasa, maji yataichukua yote mpaka bondeni. Niombe likizo ya wiki moja nikamsaidie kubeba.

Nikajibu kwamba nitatuma mtu wa kulipwa. Kubeba samadi mbichi kwa kikapu, maji yake yakikushuka mgongoni mpaka kiunoni! Nilibeba nikiwa mtoto, na siku niliyovaa viatu vya kwanza niliapa kwamba sitarudia. Wakio hakucheka tena. Aliniomba nisimfanye yeye akaseme hivyo kwa baba. Nimempa ratili mbili za sukari ampelekee.

Jumanne, 15 Oktoba

Debe, debe, debe. Yule wa kwapa ana mba pia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wakio amekuja tena, safari hii bila kicheko. Yule mtu wa kulipwa niliyemtuma, baba alimrudisha, akampa na ndizi za kula njiani. Hakumtukana. Ila Wakio, mdomo wake hauna mlango, alikuwa ameshasimulia aliyoyaona godauni, na sasa Wusi nzima inacheka kwamba mwana wa Mwandawiro hushinda Voi akibeba mizigo isiyokwenda popote. Baba hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaanza kubeba samadi peke yake. Tangu siku hiyo jina langu halijatoka kinywani mwake.

Dinah aliacha kuchambua mboga. Kwetu, hasira ya mzazi haiishi kwa maneno. Inakaa moyoni mwake, na hata yeye asipotaka, inakutafuta ulipo: utaugua, utaanguka, jambo lako halitatimia. Dawa yake ni kutasa. Aliyekasirika anapiga funda la maji ya miwa, anakupulizia kwa mdomo, na kutamka kwamba hasira imetoka. Dinah alitaka nipande lori lile lile. Akasema gari la Taveta lina magurudumu mengi na mimi naenda kuning'inia nyuma yake na hasira ya baba mgongoni.

Nimemwambia mimi nimebatizwa. Na hata nisingebatizwa, mzee asiye na meno hatanitemea mate. Leo sikuandaliwa chai.

Jumanne, 29 Oktoba

Mgongo umelia kama kuni kavu. Nilikimbilia ekseli kabla ya wakati wake, nikaivuta nikiwa nimejikunja, na sasa siwezi kuvaa soksi. Kunyamaza kwa Dinah nako kuna jina la baba ndani.

Musyimi alinilaza juu ya magunia na kunichua kwa mafuta ya kondoo, mafuta yaliyochacha, nikawa nanuka kama Krismasi ya mwaka jana. Alipopiga goti, suruali yake ikapanda juu, nikauona mguu. Kwenye muundi kuna kidonda cha Burma ambacho hakijafunga miaka yote hii. Kina maji, na nzi wanakijua. Nilimuuliza kwa nini hakifuniki.

Akasema kikifunikwa kinaoza. Kisha, akiendelea kunichua, akanieleza kwamba yeye mwenyewe aliomba ugadi mara mbili. Mara ya kwanza na ya pili daktari alitazama mguu, hakumwacha hata akimbie. Tangu hapo huwafundisha wengine.

"Nataka nikisikia filimbi ya gadi, nijue nina mkono hapo," alisema.

Nilikuwa nimepanga kumwambia leo kwamba anafaa kuoga. Sikumwambia.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ya kwanza. Badala ya harufu ya udongo, tumepata ya ngozi. Unyevu umeamsha uvundo wote wa godauni. Nimekimbia alfajiri kandokando ya reli mpaka linapoanza shamba la mkonge, ambako mabaki ya mkonge yanaoza kwenye mtaro. Nilitaka kutapika. Nikatambua kwamba nataka kutapika kwa sababu ya harufu, si kwa kukosa pumzi. Hiyo ni hatua.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeinua ekseli mpaka kifuani, miguu imejikunja na mgongo umenyooka, kama nilivyofundishwa. Nikaishusha polepole. Musyimi alinirushia lile taulo kunipongeza. Nimelidaka kwa vidole viwili.

Jumamosi, 16 Novemba

Baba ameanguka.

Wakio ameleta habari, amelowa chapachapa. Baba alikuwa anapandisha kikapu kwenye tuta la juu, tope likamtelezesha, akaangukia ubavu mpaka tuta la pili. Nyonga imevimba, anatembea kwa fimbo. Nusu ya samadi bado iko zizini na mvua inaila.

Niliuliza kama amesema lolote juu yangu. Wakio akajibu hapana.

Nikaanza kuwahesabia sababu zangu. Kipimo ni Jumatatu ya tarehe 25. Mgongo ndio kwanza umepona. Kwenda sasa ni kuyatupa mazoezi yote niliyofanya. Dinah aliniacha nimalize, akatoa begi chini ya kitanda, akatia nguo za shamba, na juu yake shati langu jeupe alilolipiga pasi.

"Baba Gertrude, hilo la juu ni la kipimo," alisema. "Utashuka nalo moja kwa moja kutoka Wusi. Hizo za chini ni za baba yako."

Nimekasirika na watu wote, na mvua, na mimi mwenyewe. Nimeomba likizo.

Wusi, Jumatatu, 18 Novemba

Hapa ukungu haupandi wala haushuki, umekaa tu. Baba yuko kwenye kigoda mlangoni, mguu umenyooshwa. Nilimsalimu, akaitikia kama anavyoitikia mpita njia. Kikapu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kikiwa na mkanda wake. Hakunionyesha. Nimekichukua.

Samadi ya juu imekauka, ya chini ni uji. Ukiichota inatoa sauti. Mna funza weupe wanene kama kidole cha mtoto, wanajikunja wakiguswa na mwanga. Ukijitwika, maji yanaanza shingoni, yanafuata uti wa mgongo, yanaingia kwenye suruali, yanafika mahali ambapo hata samadi ingeona aibu. Nilitapika kando ya zizi. Baba alinitazama nikitapika. Nilijitwika nikapanda.

Jumanne, 19 Novemba

Nimebeba kutwa nzima. Jambo moja nimeliona: sikusimama njiani. Njia ya tuta la juu ni mwinuko mtupu, na utotoni nilikuwa nikipumzika mara nyingi kabla ya kufika. Leo nimepanda kwa miguu ya godauni, pumzi ikitosha. Nyama iliyoota nikiwa nimelala ilikuwa pale pale, chini ya kikapu.

Baba naye ameliona. Jioni alimwambia Wakio, mimi nikisikia, kwamba hayo madebe ya Voi kumbe yanafundisha watu kupumua. Hakuniambia mimi.

Nimeoga mara tatu. Harufu iko kwenye kucha.

Alhamisi, 21 Novemba

Samadi inakaribia kwisha. Leo mchana nilipumzika karibu na kigoda chake, nikaona bora niseme. Nilimwambia, Baba, Jumatatu nina kipimo, na Dinah hapati usingizi. Ukipenda, unitase.

Aliuinua mguu wake kwa mikono miwili, akauweka upande mwingine.

"Siwezi," alisema. "Nikikupulizia na hasira bado imo, nitakuwa nimekudanganya wewe na nimewadanganya waliotangulia. Hayo yatakuwa mate tu."

Nikamwambia samadi itakwisha kesho.

"Samadi ni mambo ya shamba. Sikukasirishwa na samadi."

"Basi ni nini, Baba?"

"Pasaka ulikuja hapa. Nikanywa, nikakupa kibuyu changu. Ukatoa kitambaa, ukafuta pale mdomo wangu ulipokuwa. Watu wanaona." Hakupandisha sauti. "Mama yako alipougua, wewe ulikuwa huna meno, mimi nilikuwa nayo. Nilitafuna viazi nikakutilia kinywani kwa kinywa hiki hiki. Nani alinifuta?"

Niliona aibu hata masikio yakawaka moto. Na ubaya wangu ni huu, nauandika kwa sababu hakuna atakayeusoma: hapo hapo, katikati ya aibu, kichefuchefu kilinipanda, nikiviwaza vile viazi. Niliinuka nikaenda kubeba.

Ijumaa, 22 Novemba

Samadi imekwisha. Zizi ni tupu. Hakuna aliyenisifu.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua ilikatika jioni, tukakaa nje, baba na mimi. Wakio alikuwa amekamua miwa. Baba alikunywa kwenye kibuyu chake, akakiweka chini katikati yetu. Hakunipa. Alikiweka tu, akageuka kumtazama ng'ombe.

Leso zangu zote mbili zilikuwa mfukoni. Mdomo wa kibuyu ulikuwa umelowa, na pembeni palikuwa na chembe ya tumbaku. Niliiona chembe ile waziwazi, kama alama ya kalamu. Nilikichukua kibuyu, nikanywa pale pale aliponywea yeye. Maji yalikuwa matamu, yana tumbaku, yana uvuguvugu wa kinywa cha mtu. Nusura yarudi. Nikameza tena, ili yale ya kwanza yakae.

Nilikirudisha katikati. Baba akaendelea kumtazama ng'ombe. Baadaye akasema ndama wa mwakani atakuwa mkubwa.

Voi, Jumatatu, 25 Novemba

Lori la mboga huondoka kukiwa bado na giza kidogo. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, pasi yote bado imo, nikasimama uani kuaga. Baba alitoka kwa fimbo, hatua kwa hatua, na kibuyu mkononi. Wakio alitaka kumshika, akakataa.

Alisimama mbele yangu, karibu kuliko nilivyozoea mtu kunikaribia. Akapiga funda. Nikajua, na bado mwili ulitaka kurudi nyuma. Sikurudi. Alinipulizia usoni, kisha kifuani, kisha akapiga funda jingine akapulizia mikono yangu.

"Nilikuwa na hasira na mwanangu," alisema, akiitazama milima wala si mimi. "Ilikuwa moyoni. Imetoka na maji haya, isirudi. Awe mzima. Anachokwenda kukitafuta akipate. Gari limbebe, lisimtupe."

Maji yalinichuruzika kwenye nyusi mpaka mdomoni. Mkono wangu ulienda mfukoni wenyewe, kwa mazoea, nikauzuia humo humo. Baba aliuona. Akanigusa bega kwa ile fimbo, akaniambia niende, lori halingoji mtu.

Nilikaa juu ya magunia ya kabichi, maji yale ya miwa yakanikaukia usoni. Nzi walinipata hata kabla hatujatoka milimani, wakanisindikiza hadi Voi.

Daktari alikuwa anangoja na saa yake. Nilikimbia. Katikati ya gari, pale nilipotapika, nilimwona Musyimi ng'ambo ya reli, amesimama na mguu wake, hanyanyui hata mkono. Nilifika mwisho, nikapanda, nikazungusha breki mpaka ikakataa kwenda zaidi, nikashuka. Sanduku niliinua kwa miguu, mgongo umenyooka, mpaka kifuani, nikalishikilia hapo mpaka daktari mwenyewe akaniambia inatosha, liweke.

Alinisikiliza mapafu. Kisha akarudi nyuma kidogo, akanionyesha kwa kalamu yale madoa ya kahawia kwenye shati na kuuliza ni nini.

"Ni baba," nikasema.

Alingoja niendelee. Nilifunga kifungo cha shati. Akainama, akaandika kwamba ninafaa, na gari la Taveta nitalianza mwezi ujao.

Ng'ambo ya reli Musyimi alivua lile taulo begani, akalipepea juu ya kichwa chake kama gadi anayeruhusu gari kuondoka. Hata kutoka mbali lilikuwa chafu.

Nyumbani Dinah alilia kidogo, akanivua shati, akaenda nalo kwenye karai la maji. Nilimfuata nikamnyang'anya, nikalinusa. Linanuka miwa iliyochacha, tumbaku na mdomo wa mzee. Linanuka vibaya sana. Nimemwambia asilifue leo.